Twangale

Kama ungepita misheni ile siku ya Jumapili, watu wametoka ibadani, usingehitaji kuuliza nani mkubwa na nani mdogo. Migomba ingekuambia.

Kichaka cha migomba kilichokuwa jirani na mlango wa kanisa, chenye kivuli kizito na upepo wa kutoka ziwani, kilikuwa cha Maji ya Kwanza. Ndivyo walivyojiita wanawake waliobatizwa siku ile ya kwanza kabisa, wa kwanza kuinamisha vichwa juu ya beseni la Mchungaji. Nyuma ya darasa walikaa Maji ya Pili. Kivuli chao hakikuwa kibaya, ila saa saba jua liliwafuata mpaka mkekani. Waliobatizwa mwaka jana walikula karibu na zizi la ng'ombe wa misheni, na inzi wa zizi hawakukosa ibada hata moja. Kila kundi lilitandika mkeka wake, likafunua vikapu vyake, na hapo ndipo Jumapili yenyewe ilipoanza.

Marta alikula jikoni kwa Bibi, mke wa Mchungaji, amesimama.

Si kwamba hakubatizwa. Alibatizwa vizuri tu, ila peke yake, siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha, kwa sababu Bibi hakutaka unga wa keki ya Krismasi ukandwe na mikono ya mpagani. Beseni lilikuwa lilelile. Mchungaji alimpa jina la yule mwanamke wa kwenye Kitabu aliyehangaika na vyombo wakati mwenzake ameketi anasikiliza. Sijui kama alitania. Wajerumani wale hawakusifika kwa utani. Marta akainua kichwa, akajifuta, akarudi kukanda. Basi akawa hana maji ya kwanza wala ya pili; yake yalikuwa maji ya Alhamisi, na maji ya Alhamisi hayakuwa na mgomba.

Kwao hakukujua. Alichukuliwa mtoto, akatembea na msafara siku ambazo hakuweza kuzihesabu, mpaka askari wa Wajerumani walipoukamata msafara ule na kuwagawa watoto kama vifaranga. Yeye aliangukia nyumba ya askari mmoja pale kwenye boma la Tukuyu. Akafua, akatwanga, akakua. Kiswahili cha msafara na cha boma ndicho kilichobaki kinywani mwake. Lugha ya mama yake ilikwisha yabisi, yakabaki maneno mawili matatu ambayo hakuwa na hakika kama ni ya maana au ni ndoto. Askari alipohamishiwa pwani, mkewe akafunga vyombo vyote isipokuwa Marta. Misheni ikamchukua, akashuka huku bondeni, nusu siku kwa mguu kutoka Ipinda, mahali ambapo watu husema Kinyakyusa kuanzia asubuhi mpaka wanapokoroma.

Na sasa nisikilizeni, maana kosa lenyewe ni dogo, linaingia kwenye kisonzo, kikapu kidogo kabisa, na nafasi inabaki.

Jumapili yake ya kwanza baada ya ubatizo, Marta alitoka kanisani akasimama pale penye kengele, hajui mikono aiweke wapi. Mama Anyitike akamwona. Huyu alikuwa mke wa mzee wa kanisa, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto Mbaka bila mtumbwi. Yeye ndiye aliyekuwa kichwa cha Maji ya Kwanza: akicheka wanacheka, akinuna hata watoto wananyamaza. Mama Anyitike akainua mkono, mbele ya watu wote, akaita:

"Gwe Marta! Isaga, twangale!"

Marta akaelewa kwamba anaitwa. Na lile neno la pili lilimfurahisha, kwa kuwa alilijua. Tuangalie. Njoo tuangalie. Kwa hiyo akaenda kuangalia.

Akasimama ukingoni mwa mkeka. Wanawake kumi na mmoja wakamtazama. Yeye akatazama. Akatazama ndizi zilizochemshwa, maharage, kibuyu cha maziwa ya mgando. Akatazama juu kwenye migomba, labda kuna nyoka. Hakuona kitu cha ajabu. Kuketi hakuthubutu; kule bomani hukuketi mpaka uambiwe, na ukiambiwa unauliza mara mbili. Wenzake nao wakangoja aketi, maana ameshaitwa, anataka abebwe? Wakangojana hivyo mpaka maharage yakapoa. Mwisho Marta akaona ameangalia kiasi cha kutosha. Akapiga goti kwa adabu, akasema kwa Kiswahili:

"Nimeona. Asanteni sana."

Akaenda zake jikoni.

Mwalimu Aliko, aliyekuwa na Kiswahili cha shule, akaulizwa mtu yule amesemaje. Akawafasiria neno kwa neno, kama alivyofundishwa.

"Amesema ameona."

"Ameona nini?" Mama Anyitike akauliza.

Tangu siku ile Mama Anyitike hakumwita tena mkekani.

*

Masika manne yakapita. Marta akajifunza Kinyakyusa cha kutosha kuamkia, kununua samaki na kufukuza mbuzi. "Ugonile," walimwambia njiani asubuhi, umelalaje, akaitikia "Ndaga," wakapita. Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililomchosha. Mtu akikutukana angalau amesimama.

Wakati mwingine akibeba ndoo alisikia kutoka mkekani wakiitana, isaga twangale, isaga twangale, akajisemea: hawa wenzangu wanapenda kuangalia vitu. Hakuuliza. Ungeuliza maana ya neno unalolijua?

Kazi moja tu walimpa, na kazi yenyewe ilitokana na mzee Lazaro.

Mzee Lazaro alikuwa baba mkwe wa Mama Anyitike, na wa Tuntufye pia, mke wa shemeji yake. Na kwa Wanyakyusa mke hamwoni baba mkwe wake. Hamtazami, hasimami njia moja naye, hataji jina lake. Mchungaji alikwisha kuhubiri Jumapili tatu kwamba mambo hayo yamepita, katika Kristo hakuna kukimbiana. Wanawake wakaitikia amina, na walipotoka nje wakamwona mzee, wakakimbia. Ilipofika habari ya Lazaro wa kaburini, Mama Anyitike aliisimulia nzima bila kulitaja jina: "yule aliyelala", "yule aliyefungwa vitambaa", "yule aliyetoka". Aliyeketi karibu naye bila kuijua hadithi angedhani Yesu alifufua watu watatu.

Basi mzee Lazaro alipokuja kwa fimbo yake, akikohoa kwa mbali ili kuwaonya wake wa wanawe, mmoja wao alisema "Anakuja!" na mkeka mzima ukanyanyuka. Wawili walikuwa wanamkimbia mkwe. Wengine walikimbia kwa kuwa wakwe zao wenyewe hawakosi kuwa nyuma yake, na wengine, naapa, walikimbia kwa utamu tu. Khanga juu ya kichwa, kicheko mdomoni, wakajisukuma ndani ya migomba kama vifaranga.

Marta akabaki amesimama njiani. Hakuwa na mkwe. Hakuwa na mume wa kumpa mkwe. Katika misheni nzima hapakuwa na mwanamume hata mmoja ambaye ilimpasa kumwogopa.

"Gwe Marta!" sauti ikamfikia kutoka migombani. "Keta ifindu!"

Angalia chakula. Akaangalia chakula. Akafukuza kuku na mbuzi mpaka mzee akapita. Wakarudi wakihema, wakaketi, wakacheka habari ya nani ameangukia nani. Naye akaokota ndoo yake. Kila Jumapili, masika manne.

*

Aliyemfungua masikio ni Asajile, mfinyanzi wa Kikisi kutoka ufukweni. Alikuja na vyungu vyake ndani ya wavu kichwani, shingo imenyooka kama mnara. Bei ya Wakisi ilikuwa rahisi: unataka chungu, kijaze mahindi au mpunga; mahindi yake, chungu chako. Bibi alitaka cha maziwa. Kiswahili Asajile alikipata ufukweni, ambako meli ya Wajerumani ilitia nanga na kila mtu akauza kitu kwa kila mtu.

Marta alijaza chungu cha Bibi, kisha akajaza kingine, kidogo, chenye kifuniko, kwa mpunga wake mwenyewe. Alikuwa ameupanda nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yalipokuwa yanatuama.

"Na hiki cha nani?" Asajile akauliza. "Una mgeni?"

"Changu tu."

"Chungu cha mtu mmoja kinalia, dada." Asajile akafunga wavu wake. "Njoo ufukweni Jumapili moja. Dagaa wa usipa wapo, mimi nipo. Twangale kidogo, kama wanavyosema hawa wenye migomba."

"Tuangalie nini?"

"Eti nini?"

"Umesema tuangalie. Kuna nini huko cha kuangalia? Meli?"

Asajile akamtazama aone kama anataniwa. Akaona hataniwi. Akacheka, akacheka mpaka akaushika wavu usianguke; kisha akauona uso wa Marta, kicheko kikakatika.

"Si kuangalia, mwenzangu. Ukwangala. Ni kukaa na wenzako. Mnakula, mnacheka, mnasengenya kidogo, jua linatua hamjui. Hawa wasipofanya hivyo wanaona hawajaishi. Kuangalia kwao ni keta. Hukusikia wakikuambia keta?"

"Kila Jumapili," alisema Marta.

"Sasa ulidhani wana maneno mawili ya nini?"

Marta akaketi juu ya kinu. Ndiyo, juu ya kinu, kitu ambacho angemgombeza mwingine kwa kukifanya. Akamsimulia ile Jumapili ya kwanza. Alipofika kwenye "nimeona, asanteni", Asajile akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Ndiyo maana," akasema. "Mimi nauza vyungu kila mlango, nasikia mengi. Wanakuita Jicho la Bibi. Yule Mama Anyitike, mwaka ule, alizuiwa meza ya Bwana miezi mitatu kwa kucheza ngoma kwenye msiba wa shangazi yake. Nani alimpelekea Mchungaji? Wanasema ni yule aliyekuja mkekani akasimama, akasema ameona."

"Mimi? Msiba wenyewe siujui ulikuwa wapi."

"Nakuambia wanavyosema." Asajile akainua mzigo wake. Akasita. "Lakini walikuita, dada. Hilo nalo ulijue. Walikuita."

Maziwa ya Bibi yaliungua siku ile, na ya kesho yake. Marta alisimama mbele ya moto akijiona pale ukingoni mwa mkeka, msichana wa boma amekaza miguu, anatafuta nyoka juu ya migomba, na chini yake pana nafasi ya mtu mmoja imeachwa wazi, maharage yanapoa. Angekunja magoti tu. Yaani ilikuwa ni kukunja magoti.

*

Wiki ile alitwanga mpunga wake wote. Jumapili akaupika kabla ya kengele, ukatoka umechambuka, akaufunika kwa kifuniko, akakifunga kwa jani na kamba ya mgomba. Alikwisha fanya mazoezi ya lile neno mbele ya kuku. Kuku waliitikia vizuri.

Ibada ikatoka. Akavuka uwanja na chungu chake mikononi, akaipita kengele. Mkekani walikuwa tisa, kwa kuwa mmoja alikuwa amefariki na mwingine amejifungua. Mama Anyitike alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso.

"Mwe bamama," Marta akasema. Sauti ilitoka ndogo. Akaanza upya. "Nimeleta wali. Twangale."

Kisu kikasimama. Wakatazamana. Mmoja akabana kicheko.

"Umesemaje?" Mama Anyitike akauliza.

"Twangale."

Hakujua wangejibu nini, na sisi pia hatutajua, kwa kuwa wakati huohuo kikohozi kikasikika upande wa zizi. Tuntufye akasema, "Anakuja!"

Wakanyanyuka. Khanga juu, kicheko, huyo anamsukuma huyu. Na kutoka ndani ya majani sauti ya Mama Anyitike ikaita bila hata kufikiri, kama mtu anayeita mbwa wake:

"Gwe Marta! Keta ifindu!"

Marta aliangalia chakula. Kisha akaweka chungu chini, akavuta kitambaa chake usoni, akakimbia.

Alikimbia vibaya, kama mtu asiyejua kukimbilia wapi. Akaingia migombani kifua mbele, akawaangukia, akabanwa kati ya bega la mtu na tumbo la mtu. Tumbo lilikuwa la Tuntufye, mimba ya miezi saba. Palikuwa na jasho na harufu ya maziwa ya mgando na pumzi za watu masikioni. Hakuwahi kusimama karibu na watu hivyo tangu kamba za msafara.

"We," Tuntufye akanong'ona, "wewe unamkimbia nani?"

Marta akajibana zaidi majanini.

"Kwenye Kitabu si ndugu yako huyu?" Tuntufye akaendelea, akimwonyesha mzee kwa kidevu huku macho ameyafumba. "Marta dada wa... wa yule aliyelala. Unamkimbia kaka yako?"

Kicheko kikawapasuka. Walicheka wakiwa wameziba midomo, migomba ikatikisika, na kule njiani mzee Lazaro akakohoa tena, kwa heshima, akaongeza mwendo. Marta naye akacheka. Alichelewa kidogo, kama anayeimba wimbo asioujua ubeti, lakini alicheka, na hapakuwa na aliyemgeukia kumtazama.

Walipotoka, mbuzi watatu wa misheni walikuwa wamemaliza kula.

Ndizi hazikuwepo. Maharage yalikuwa yametapakaa, kibuyu kimelala, maziwa yamelowesha mkeka wa Mama Anyitike kutoka pembe hadi pembe. Kuku walikuwa wanadonoa kilichobaki. Chungu cha Kikisi peke yake kilikuwa kimesimama, kifuniko kimefungwa.

"Nilikuambia uangalie!" Mama Anyitike akasema.

"Leo sikuja kuangalia," Marta akajibu. Kinyakyusa chake kilianza kumwishia, akachanganya na Kiswahili, mikono ikisaidia. "Hata siku ile, mama. Siku ile ya kwanza. Mlisema twangale, mimi nikasikia tuangalie. Sikujua. Nilikuja kuangalia kwa kuwa nilidhani ndilo mliloniitia. Ningejua ningekaa."

Kicheko kingine kikatoka mahali. Mama Anyitike hakucheka.

"Na miezi mitatu yangu? Nayo ulisikia vibaya?"

"Sikumwambia mtu, mama."

"Nani basi? Nani mwingine alikuwa anatuchungulia hapa?"

"Sikumwambia mtu," Marta akarudia. "Ningemwambia nani? Sikuwa na mtu."

Ilikuwa kweli tupu, na ilitua katikati yao mbele ya maharage yale. Mama Anyitike alifungua mdomo. Lakini fikiria naye: miaka minne amemshikilia mtu kosa, mbele ya wanawake wale wale, na sasa alishushe wapi? Akaufunga mdomo. Akaokota kikapu chake kitupu, akaukunja mkeka ukiwa umelowa, wenzake wakauachia mmoja mmoja, akauweka begani ukidondosha maziwa mgongoni mwake. Akaondoka. Wa pili akafuata, wa tatu, kama walivyozoea: akinuna, wanaondoka. Mmoja alimgusa Marta mkono akipita; au labda alikuwa anatafuta njia.

Kivuli kizuri kuliko vyote katika misheni kikabaki na watu wawili na chungu kimoja.

Tuntufye alijishusha polepole, mkono kiunoni, akaketi juu ya ardhi tupu. "Mimi nina njaa," akatangaza, "na huyu humu ndani ana njaa kunishinda." Akafungua kamba, akanusa. Kisha akasogeza goti lake, nafasi ikatokea pembeni yake, si kubwa, kama ya kifuniko cha chungu.

Marta akakunja magoti. Goti lake likagusa la Tuntufye, nalo halikuondolewa.

Lakini uso wake ulikuwa kule uwanjani. Migongo minane ilikuwa inakwenda kwa mstari kuelekea njia ya mto, mkeka ukiwa mbele kama bendera iliyolowa. Alitaka kuona kama kuna mmoja atakayegeuka. Walipita zizi. Walipita mgomba wa mwisho. Alizidi kunyoosha shingo.

Mume wa Tuntufye aliwahi kubeba mizigo ya Wajerumani, na kutoka kwake Tuntufye alipata maneno ya Kiswahili yanayohesabika kwa vidole. Aliyatafuta, akayapata mawili. Akamega donge la wali, akaliweka kiganjani mwa Marta, akakifunga kile kiganja kwa vidole vyake.

"Usiangalie," akasema. "Kula."